Kinyozi na Mwizi wa Spika

Kanisani walimwita Besi, kwa sababu ya sauti yake nzito iliyokuwa ikitetemesha mbao za jukwaa la kwaya. Kazini walimwita Fundi, kama wanavyoitwa vinyozi wengi. Waliomjua kwa majina yote mawili walikuwa wachache, na hao nao hawakuwa na sababu ya kuyataja pamoja.

Siyo kwamba alikuwa mnafiki. Hakuwa mlevi wa siri wala mwenye nyumba ndogo. Alimpenda Mungu kwa dhati, na kila asubuhi alisali kabla ya kutoka nyumbani, siku nyingine kwa machozi. Ila akishafungua mlango wa saluni, akachomeka mashine ukutani na kuwasha televisheni, imani yake aliitundika nyuma ya mlango pamoja na koti. Wateja wakitaniana alicheka nao. Wakimsema mtu alinyamaza. Wakianza kubishana kuhusu dini alijitia kutafuta chanuo.

"Saluni siyo mimbari," alimwambia mkewe. "Mtu amekuja kupunguza nywele, hakuja kuhubiriwa."

Mkewe alikuwa mkunga, mwanamke wa maneno machache, aliyezoea kuwaamrisha watu wazima wasukume au waache kusukuma. Alimtazama tu, akaendelea kupiga pasi sare yake.

Saluni yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye viti viwili vya kuzunguka. Kimoja kilikuwa chake, na kingine cha shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye alinyoa kwa mkono mmoja na kusimulia kwa mkono wa pili. Shemeji huyu kanisani alionekana kwenye harusi na misiba tu, na hata huko alifika wakati wa kula. Lakini alikuwa kipenzi cha wateja. Jumamosi, mpira ukiwa hewani na benchi limejaa hadi watu wamekalia ukingo wa dirisha, kicheko cha saluni ile kilisikika mpaka ng'ambo ya barabara.

Jumamosi moja ya namna hiyo ndipo alipotokea Spika.

Huyu alikuwa kijana wa mtaa wa pili, fundi wa umeme, mtoto wa pekee wa mama mmoja mjane aliyekuwa hakosi ibada. Zamani ndiye aliyekuwa akifunga vyombo vya muziki kanisani, na ufunguo wa stoo alikuwa nao yeye. Siku moja watu walikuja kusali wakakuta spika hazipo, vipaza sauti havipo, nyaya zimekatwa. Haikuchukua muda kujulikana ni nani, maana mlango haukuvunjwa. Alikamatwa, akahukumiwa, akafungwa. Mtaani jina lake la kuzaliwa likafa siku hiyohiyo, akabaki Spika. Hata watoto waliozaliwa yeye akiwa gerezani walimjua kwa jina hilo.

Sasa alikuwa ametoka. Alisimama mlangoni, mwembamba kuliko alivyoondoka, nywele zimemtimka kila upande na ndevu zimesokotana. Alikuwa amepita kwa vinyozi wengine wawili kabla ya hapo. Mmoja alimwambia mashine imeharibika, mwingine alimwambia anafunga.

Saluni ikanyamaza ghafla, akabaki mtangazaji wa mpira peke yake akipiga kelele.

"Habari za hapa," Spika alisema.

Kisha mtu mmoja kwenye benchi akasema, kwa sauti ya kusikika, "Jamani, kila mtu ashike simu yake." Watu wakacheka.

Shemeji akageuka na mashine mkononi. "Leo tumejaa, kaka. Njoo kesho."

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na kila mtu alijua saluni ile haifunguliwi Jumapili. Spika naye alijua. Alimtazama Besi, ambaye alikuwa na mteja kitini na macho yake ameyagandisha kwenye kisogo cha mteja huyo kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kukiona. Spika akatikisa kichwa taratibu, akasema "Haya," akaondoka.

Kicheko kikarudi, na stori zikaendelea. Ni Besi tu ambaye hakurudi alipokuwa. Alimchonga mteja wake ndevu upande mmoja juu na upande mmoja chini, ikabidi azipunguze zote kumfichia aibu.

Jioni, wakiwa mezani, alimsimulia mkewe. Alisimulia kwa kuzunguka, akianzia kwenye matokeo ya mpira, hadi alipofika kwa Spika.

"Sasa wewe ulifanya nini?" mkewe aliuliza.

"Nilikuwa na mtu kitini."

"Nimekuuliza ulifanya nini, sijakuuliza ulikuwa na nani."

Besi alichezea kijiko. "Sikufanya kitu."

Mkewe hakuongeza neno. Aliondoa vyombo, akaviosha, akaenda zake kulala. Afadhali angemgombeza. Besi alibaki pale mezani na ule ukimya, na kila alipofumba macho kusali alilisikia lile neno "Haya" na jinsi kijana alivyolitamka, bila hasira, kama mtu aliyelizoea.

Asubuhi kwenye kwaya sauti yake haikupanda. Mwalimu wa kwaya alimwangalia mara kadhaa akidhani ana mafua. Ibada ilipokwisha, Besi alimfuata mama yake Spika, aliyekuwa akikaa benchi la mwisho kabisa karibu na mlango tangu yale yalipotokea, ili awahi kutoka kabla watu hawajaanza kusalimiana.

"Mama, kijana hajambo?"

Mama yule alishtuka kuulizwa. "Hajambo, mwanangu. Amelala. Jana aliomba mkasi, anasema atajipunguza mwenyewe."

Besi alijisikia vibaya zaidi. Akakata shauri palepale: jioni hiyohiyo angeweka mashine, kitambaa na poda kwenye mfuko, akamnyoe kijana nyumbani kwao, kimyakimya, jambo liishe. Alipofika nyumbani akaanza kufunga vifaa, na uso wake ulikuwa umechangamka kidogo.

"Unakwenda wapi na mashine?" mkewe aliuliza.

Alimweleza. Mkewe akamsikiliza hadi mwisho, mkono kiunoni.

"Ni vizuri," alisema. "Lakini, baba watoto, umemwacha afukuzwe mbele ya watu, halafu unataka kumheshimu kwa kificho. Hiyo heshima itamfaa nini barabarani?"

Besi alikaa kitandani na mfuko mapajani. Alijua kwamba mkewe amesema kweli, na alijua pia kwamba ndiyo maana wazo la kwenda kwa kificho lilikuwa limempendeza. Alisali pale alipokaa, sala fupi isiyo na mapambo. Kisha akatoa mashine mfukoni, akairudisha kabatini, akaenda mikono mitupu.

Alimkuta Spika uani akirekebisha pasi ya mama yake. Mama alileta viti na chai, halafu akajitia ana kazi jikoni, ingawa mlango wa jikoni aliuacha wazi.

"Nimekuja kukuomba msamaha," Besi alisema. "Jana ulikuja saluni kwangu, nikakuona, nikajifanya sijakuona."

Spika aliweka bisibisi chini. "Mimi ndiye niliyeiba. Wewe ndiye unayeomba msamaha?"

"Kosa lako umelitumikia. Langu bado."

Kijana alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Fundi, sina ugomvi na wewe. Nywele ni nywele tu."

"Basi njoo unyolewe. Jumamosi."

"Jumamosi kuna watu."

"Ndiyo maana."

Spika alimtazama kwa muda. "Wateja wako watakimbia."

"Hayo niachie mimi," Besi alisema, akanywa chai yake haraka hadi ikamuunguza ulimi, kwa kuwa maneno yalikuwa yameshamtoka.

Wiki nzima alitembea na jambo hilo. Lazima tuseme ukweli: kulikuwa na nyakati alipoomba Mungu ampe ujasiri, na nyakati alipoomba mvua kubwa inyeshe Jumamosi mtu asitoke nyumbani. Jumamosi ikafika na jua lake kali. Benchi likajaa tangu asubuhi. Shemeji alikuwa amekolea, akisimulia jinsi mbuzi wa jirani alivyomlia risiti, na watu wanajishika mbavu.

Aliyekuwa anafuata kwenye foleni ya Besi alikuwa Mwenye Bucha, mtu mnene, wa heshima, mzee wa kanisa, aliyenyolewa kila Jumamosi ili Jumapili apokee sadaka akiwa nadhifu. Huyu ndiye aliyekuwa amezunguka nyumba hadi nyumba miaka ile kuchangisha spika, na zilipoibwa alilia kama amefiwa.

Spika akatokea mlangoni. Safari hii hakusema habari. Alisimama tu, mikono nyuma.

Besi alimpangusa mteja aliyekuwa kitini, akakung'uta kitambaa, akakigeuza kiti kikaelekea mlangoni.

"Karibu," alisema. "Kiti chako hiki hapa."

Mwenye Bucha aliyekuwa ameshainuka nusu alibaki ameinama hivyohivyo.

"Foleni ni yangu," alisema.

"Ni kweli, Mzee, na samahani. Lakini huyu alikuja wiki iliyopita tukamfukuza. Alikutangulia."

"Fundi, unamjua huyu ni nani? Huyu aliiba vyombo vya Mungu."

"Namjua, Mzee. Mimi naimba kwenye kwaya ile. Mwaka mzima tuliimba bila kipaza sauti mpaka tukapasuka koo. Hakuna aliyeumia kuliko besi."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Besi aliona macho yote yamemgeukia, na akahisi kwamba akinyamaza hapo atanyamaza maisha yake yote. Akaizima mashine iliyokuwa ikinguruma bure mkononi.

"Wengi wenu hamjui hata kama nasali," alisema. "Siwalaumu, sijawahi kuwaonyesha. Mimi ni mfuasi wa Yesu. Yeye hakunipokea kwa sababu nilikuwa safi, alinipokea nikiwa nimechafuka, na siku ile hakuniambia nije kesho. Sasa siwezi kumwambia mtu mwingine aje kesho. Asiyetaka kungoja simkasirikii. Ila huyu leo ananyolewa hapa, na ananyolewa na mimi."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa nje ya nyumba yake. Mwenye Bucha alichukua kofia yake, akaiweka kichwani taratibu, akatoka bila kuaga. Watu wengine wakamfuata, mmoja akinung'unika, mwingine akiangalia chini. Benchi likabaki na mapengo.

Shemeji alimsogelea Besi sikioni. "Umerogwa? Jumamosi hii?"

"Nyoa," Besi alimwambia. "Mtu wako anakungoja."

Spika alikaa. Besi alimfunga kitambaa shingoni, akachukua chanuo pana, akaanza kufumua yale mafundo moja baada ya jingine bila kuvuta kwa nguvu. Kisha akamlaza kichwa kwenye sinki, akamwagia maji ya uvuguvugu, akamsugua kwa shampuu kwa vidole vyake vyote, kama mama anavyomwosha mtoto. Alikuwa na kawaida ya kuwaosha wateja haraka. Huyu hakumharakisha.

Alipomrudisha mbele ya kioo na kumfunika uso kwa taulo la moto ili ndevu zilainike, akageuka kutafuta wembe mpya. Aliporudi, alisikia sauti ya ajabu chini ya taulo. Alidhani kijana analia. Akasogea, akasikiliza vizuri. Spika alikuwa anakoroma.

Besi alisimama na wembe mkononi, hajui la kufanya. Mtu mmoja kwenye benchi, dereva wa lori aliyekuwa hajaondoka, aliinuka na kumtazama yule kijana kwa karibu.

"Huko atokako hakuna anayelala namna hii," alisema polepole. "Kaka yangu alipotoka alikuwa akilala ameketi, mgongo ukutani."

Kisha dereva akaenda akapunguza sauti ya televisheni. Ilikuwa dakika ambayo timu yao ilikuwa inapiga kona, na hakuna aliyelalamika. Besi alimwacha kijana alale. Alimnyoa nywele za pembeni akiwa usingizini, akikizungusha kiti kwa goti taratibu, na ndevu alizichonga kwa mkono mwepesi. Spika alipoamka na kujiona kwenye kioo, alijishika shavu.

"Nimelala?"

"Kidogo," Besi alisema.

"Umekoroma kama jenereta," dereva wa lori alisema, na Spika akacheka, safari hii kicheko chenyewe.

Mambo hayakunyooka palepale. Mwenye Bucha hakuonekana Jumamosi iliyofuata, wala ile iliyofuata hiyo, na baadhi ya watu wake walihama naye. Shemeji alinuna, akaanza kunyoa kimya, jambo ambalo wateja walilalamikia zaidi kuliko lile la Spika. Siku nyingine Besi alikaa kwenye kiti chake mwenyewe akisoma gazeti la zamani. Lakini alishangaa jambo moja: usingizi ulikuwa umemnogea. Asubuhi alifungua saluni hana tena lile zoezi la kuvua koti na imani pamoja. Alikuwa mtu mmoja kutwa nzima, na kumbe jambo hilo lilipunguza uchovu.

Dereva wa lori akaleta wenzake. Wengine walikuja kwa umbea tu, wamwone kinyozi aliyemfukuza mzee wa kanisa, maana hadithi ilikuwa imeshatiwa chumvi njiani. Walifika wakakuta hakuna aliyefukuzwa, wakanyolewa, wakarudi tena.

Kisha Mwenye Bucha akarudi. Alikuja katikati ya wiki, saa ambayo hakuna watu, kofia imeshuka hadi masikioni.

"Nimekuja kunyolewa," alisema kabla ya salamu. "Sikuja kuzungumza."

"Karibu, Mzee."

Alipovua kofia, shemeji aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Huko kwingine alikokwenda walikuwa wamemwachia kisogo chenye ngazi, kama shamba lililolimwa na ng'ombe mlevi. Besi alimfunga kitambaa, akaanza kusawazisha.

Kimya kilidumu mpaka nusu ya kichwa. Mwenye Bucha ndiye aliyekivunja.

"Yule bado anakuja?"

"Anakuja, Mzee."

"Huwa anasema nini?"

"Mara nyingi anauliza kama mama yake amesalimiwa kanisani."

Mwenye Bucha alijitazama kwenye kioo. "Mama yake hapiti tena mbele ya bucha langu," alisema. "Anazunguka nyuma, kwenye matope. Nilikuwa namwona. Nilidhani ananikwepa kwa sababu ya aibu ya mwanawe. Lakini yeye hakuiba kitu."

"Hapana, Mzee."

"Nami sikuwahi kumwambia hivyo."

Besi aliendelea kunyoa. Alikuwa na mengi ya kusema, na moyo wake ulimwambia hili halihitaji maneno yake. Mwenye Bucha aliposimama alikuwa amependeza, na aliondoka na kofia mkononi.

Jumapili, wimbo wa kwanza ulipokuwa ukiendelea, Besi akiwa jukwaani alimwona Mwenye Bucha akiacha kiti chake cha mbele, cha wazee wa kanisa, akatembea ukumbi mzima hadi benchi la mwisho. Alimwambia yule mama maneno fulani, na mama akasogea kumpisha. Spika alikuwa upande wa pili wa mama yake, amevaa shati lililonyooshwa kwa ile pasi. Wanaume hao wawili hawakupeana mikono siku hiyo. Waliimba kutoka kitabu kimoja cha nyimbo, mama akiwa katikati ameshika. Ilichukua muda zaidi kabla ya Mwenye Bucha kumpelekea kijana feni yake mbovu aitengeneze. Spika mpya za kanisani zilibaki na kufuli lao kubwa, na hakuna aliyemwomba Spika aziguse. Yeye mwenyewe alisema hilo ni sawa, asiharakishwe mtu.

Saluni nayo ikajaa tena, na shemeji akarudiwa na mdomo wake. Alikuwa akijigamba kwa wateja wapya kwamba siku ile alimuunga mkono Besi tangu mwanzo, na Besi alimwacha ajigambe.

Jumamosi moja mwalimu wa shule ya jirani alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, simu yake ikaita. Alisikiliza, akaishusha, uso umesawijika. Mkewe alikuwa amepelekwa wodini kujifungua, mtoto wa kwanza, na mambo hayaendi vizuri.

"Fundi," alisema, "wewe ni mtu wa kusali. Nikumbuke kwenye sala zako."

Zamani Besi angesema, bila shaka, jioni nitakuombea. Aliitazama saluni: benchi limejaa, mpira uko hewani, mtu anatafuna karanga. Akaizima mashine, akaweka mkono juu ya bega la mwalimu, juu ya kitambaa chenye nywele.

"Tuombe sasa," alisema.

Shemeji akainyamazisha televisheni bila kuambiwa. Besi aliomba kwa sauti ileile aliyotumia kumuuliza mtu anataka mtindo gani. Alimtaja mama na mtoto, akamtaja daktari, akamtaja na mkunga, ambaye alimjua vizuri, kwamba mikono yake iwe imara. Haikuwa sala ndefu. Watu kadhaa wakaitikia amina, mmoja na karanga mdomoni.

Mwalimu akaanza kujifungua kitambaa aondoke.

"Kaa chini," Besi alimwambia, mashine imeshawaka. "Huwezi kumpokea mtoto na kichwa hicho. Utamtisha."

Watu wakacheka, na mwalimu mwenyewe akacheka huku anafuta macho. Besi alimmalizia kwa haraka lakini vizuri, akampaka poda shingoni, akamfungulia mlango. Mwalimu alivuka barabara anakimbia.

Aliyefuata alikuwa bwana mmoja mgeni, mkimya, aliyekuwa amekaa pembeni tangu asubuhi akiwaachia wengine nafasi. Alikaa kitini, akangoja kitambaa kifungwe, akaangalia mikono yake.

"Punguza kote," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Na ukimaliza, nami nina jambo langu."

"Nakusikiliza," Besi alisema, akasogea karibu. "Anza tu, mikono yangu haizuii masikio."

Yule bwana akaanza.